Makunyanzi ya Mama

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya uso wa Mama ni ya mafuta ya kukamulia, yale ya njano yanayouzwa kwenye kopo la bati dukani kwa wenye ng'ombe. Kila asubuhi, kabla kuku hawajashuka kwenye matawi ya mparachichi, aliingia bandani, akamwosha ng'ombe chuchu kwa maji ya uvuguvugu, akachota mafuta kwa kidole na kuzipaka ili zisichubuke. Akishamaliza kukamua, mafuta yaliyobaki mikononi aliyafuta usoni mwake, paji la uso kwanza, kisha mashavu, kisha shingo. Ndiyo losheni pekee niliyomwona akipaka katika utoto wangu wote. Ndani ya harufu ile kulikuwa na harufu nyingine tatu zisizomtoka hata akioga: maziwa mabichi, majani yaliyokatwa, na moshi. Nikisikia leo harufu ya kopo lile, huwa sipati ule utulivu ambao watu husema wanaupata wakikumbuka nyumbani. Napata hasira, na nitaeleza kwa nini.

Kwetu ni Kirua Vunjo, juu, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani ambalo migomba na kahawa vimezunguka nyumba mpaka mlangoni. Ng'ombe wetu hawakutoka nje. Walikaa bandani na kula kilicholetwa, na mletaji alikuwa Mama. Majani ya kutosha hayakuwepo huku juu, kwa hiyo wanawake wa kijiji walishuka mashamba ya chini, upande wa tambarare ambako jua halina kivuli cha kulipunguza, wakakata majani hadi mchana, kisha wakapanda nayo mlima, mzigo kichwani juu ya ngata, shingo imenyooka, macho yamefinywa kwa mwanga na vumbi. Mama akifika aliwalisha ng'ombe, akaingia jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mbao kisicho na dirisha, na kuni zake zilikuwa matawi ya mibuni, mara nyingi mabichi. Ukitaka kujua kama Mama anapika, ungesikiliza kikohozi.

Baba hakuwa mtu mbaya kwa namna ambayo watu wanamwelewa mtu mbaya. Alifanya kazi Dar es Salaam, ofisini, chini ya pangaboi, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu. Mume anakwenda mjini kutafuta, mke anabaki kulinda kihamba, na kila Desemba wanaume wanapanda mlima na masanduku, na kijiji kinajaa harufu ya nyama na sauti za magari. Miaka ilipita hivyo. Kwa umri Mama ni mdogo kwa Baba. Hata siku ninayotaka kuieleza alikuwa bado hajafika arobaini. Lakini usimwangalie usoni kutafuta hesabu hiyo, kwa sababu uso ulikuwa umeshatangulia.

Ilikuwa Desemba ya kipaimara changu. Kwa familia ya Kilutheri kule mlimani hiyo ni sherehe kubwa, karibu sawa na arusi. Mama alikuwa ameanza kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, siku nyingi kabla, ameinama juu ya pipa la ndizi, akikoroga, mvuke na moshi vikimpiga usoni pamoja. Baba akaja kutoka Dar na mgeni, mkuu wake wa kazi, mtu mpole mwenye kitambi na miwani, ambaye hakuwahi kuona Kilimanjaro. Waliingia uani saa ileile Mama anatokea kichochoroni na mzigo wa majani. Alikuwa na kanga iliyofifia, jasho limechora mifereji kwenye vumbi la mashavu. Yule mgeni, kwa heshima zote, akavua kofia na kuinama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Mama alisimama. Mzigo bado ulikuwa kichwani.

"Mzee," mgeni akamgeukia Baba, "mama yako bado ana nguvu hivi? Mungu amempendelea sana."

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, hatua chache tu kutoka kwao, na nilimtazama Baba. Bibi yangu mzaa baba alikuwa amelala chini ya migomba yake tangu kabla sijaanza shule. Jibu lilikuwa fupi na rahisi, mtoto yeyote wa pale angeweza kulitoa. Baba akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu, akasema, "Ndiyo hivyo, wazee wa mlimani ni wagumu. Karibu ndani, bosi."

"Marahaba, baba," Mama akamjibu mgeni. "Karibu sana." Akapita kwenda bandani.

Sina kinyongo na yule mgeni. Alidanganywa na ngozi, na ngozi hudanganya. Ninafundisha biolojia sekondari mjini Moshi, na kila mwaka nikifika somo la ngozi huwa nawaambia wanafunzi wafinye ngozi ya mgongo wa kiganja, wavute juu, waachie. Jaribu na wewe. Kwa kijana inarudi mara moja, kwa mtu mzima inasitasita. Kinachoirudisha kiko chini, kwenye tabaka la pili, ambako kuna nyuzi za protini zilizosukwa kama ukili wa mkeka, nyingine za kushikilia na nyingine za kuvutika na kurudi. Mwili unazisuka upya maisha yote, lakini kadiri umri unavyokwenda unasuka kwa uvivu. Nyuzi zinapungua, tabaka la juu linakuwa jembamba, tezi za mafuta zinapunguza kazi, na ule unene wa mafuta uliojaza mashavu unapungua pia. Ngozi inabaki pana kuliko kilicho chini yake, kama foronya kwenye mto uliotolewa pamba. Hapo inajikunja. Inajikunja kwanza pale inapokunjwa kila siku, kama shati linavyopata alama pale pale kwenye kiwiko: pembeni mwa macho ya anayefinya macho, kati ya nyusi za anayekunja uso, kandokando ya mdomo wa anayecheka.

Hayo ni ya umri, na yatamfika kila mtu, wala hakuna cha kuogopa. Lakini jua halisubiri umri. Miale yake inapenya hadi kwenye ule ukili na kuukatakata, na huku mlimani, ambako hewa ni nyepesi, inachujwa kidogo kuliko pwani. Weusi wetu ni mwavuli mzuri, ila hata mwavuli mzuri una mahali unapovuja ukisimama mvuani miaka na miaka. Moshi nao unafanya kazi hiyohiyo kwa njia yake. Mafuta ya ng'ombe yalimsaidia Mama ngozi isikauke na kupasuka, hayakuweza kuzuia jua wala moshi. Kwa hiyo ukiniuliza makunyanzi ya Mama yalitoka wapi, naweza kukuonyesha moja baada ya jingine. Haya ya pembeni mwa macho ni tambarare. Haya ya juu ya mdomo ni kupuliza moto wa kuni mbichi. Hii mifereji miwili ya katikati ya nyusi ni mzigo wa kichwani. Maziwa yalilipa ada yetu, na nyumba ile ya matofali ambayo Baba alimwonyesha mgeni wake kwa kidole ilisimama kwa sababu kuna mtu aliyebaki. Uso ule ulikuwa wa pande mbili za ndoa, ila aliyeuvaa ni mmoja.

Siku ya kipaimara Mama alikuwa kanisani, lakini kwenye sherehe hakutoka jikoni. Nilisimama chini ya turubai na gauni langu jeupe, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imeletwa mezani na majani mdomoni, watu wanapiga vigelegele, na mgeni akamuuliza Baba kwa sauti ya kirafiki, "Na shemeji mbona simwoni? Hajapanda kutoka Dar?"

"Yupo," Baba akasema. "Ana shughuli kidogo."

Aliyesikia ni Shangazi Ndeshi, dada mkubwa wa Baba, mwanamke ambaye hata mchungaji alikuwa anamkwepa. Alimshika Baba mkono kama mtoto, akamvuta hadi nyuma ya banda la ng'ombe, nami nikawafuata.

"Shughuli gani? Wewe! Shughuli gani aliyonayo mkeo siku ya mwanawe?"

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi! Leo ndiyo umemwona ni mzee? Ulipomwoa alikuwa mzee? Nani amemzeesha, mimi? Kata sale ukamwombe mwenzio. Sasa hivi."

Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Mchaga akikosa, hukata sale na kumpelekea aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa. Ugomvi huisha hapo hata kama damu ilikaribia kumwagika. Nililelewa nikiamini ni desturi nzuri kuliko zote tulizo nazo. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliona upande wake mwingine: anayeomba ana uhuru wa kuomba, anayeombwa hana uhuru wa kukataa.

Baba alikata kilele cha sale, kikonyo na majani yake, akaingia nacho jikoni akikohoa. Hakuzoea moshi. Mama alikuwa anakoroga mtori, supu ya ndizi na nyama.

"Mama Haika," alisema, "nisamehe."

Mama akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea sale kwa mikono yote miwili kama inavyotakiwa. "Nimelipokea," alisema. "Sasa toka nje, ukamwambie mgeni wako mimi ni nani."

Baba alitazama mlangoni, kule kwenye ngoma na vicheko. "Kesho asubuhi. Sasa hivi watu ni wengi, nitamwaibisha."

Kesho yake, Mama alipokuwa bado bandani anakamua, Baba alimsindikiza mgeni stendi. Hakumwambia. Mama alichukua kile kilele cha sale akakichomeka ardhini nyuma ya jiko, akakimwagia maji ya kuoshea vyombo. Kikashika mizizi. Hakulizungumza tena, na kwa kuwa alishalipokea, hakuna mtu aliyemruhusu kulizungumza.

Siku hizi mambo mengi yamekuwa mepesi. Majani yanapanda mlima kwa pikipiki, Mama anapikia gesi, na Baba alistaafu akarudi kihambani. Naye ana makunyanzi sasa, na watu wanayasifu. Wanasema mzee amekomaa, mzee ana uso wa busara. Makunyanzi yaleyale kwa Mama yaliitwa kuchakaa. Wanafunzi wangu wa kike, ambao ngozi zao hazijakunja hata mstari mmoja, wananiuliza krimu gani izuie, na simu zao zinawalainisha kabla hawajajiona. Huwa nawaambia wavae kofia, wanywe maji, wakae mbali na moshi, na wasinunue mikorogo. Nawaambia kwa upole, kwa sababu wao hawana kosa. Hasira yangu naibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Mwaka huu walifanya jubilei ya ndoa yao. Tuliagiza bango kubwa studio mjini, picha yao wawili wamekaa, na binti wa studio akalileta mwenyewe na kulifungua uani. Baba alikuwa Baba, kila mstari mahali pake. Pembeni yake alikaa mwanamke mwenye uso laini kama yai lililomenywa.

"Huyu ni nani?" Mama akauliza.

"Ni wewe, bibi," binti akacheka. "Nimekulainisha kidogo."

"Na huyu mzee hukumlainisha?"

"Aa, mzee anapendeza na mistari yake."

Baba akavaa miwani, akasogea, akaliangalia bango muda mrefu. "Hapo sasa," alisema. "Hapo umetoka vizuri."

Mama hakupandisha sauti. "Basi huyu mpelekee yule mgeni wako wa Dar. Mwambie huyu ndiye mkeo."

Nilimwona Baba anakumbuka. Alishusha miwani, akageuka taratibu, akaelekea nyuma ya jiko, ambako kile kilele kimekuwa kichaka kirefu kuliko yeye. Alinyoosha mkono kushika jani.

"Usikate," Mama alisema. "Lile la kwanza bado hujalimaliza."

Mkono wa Baba ukabaki hewani. Binti wa studio alitutazama mmoja mmoja, haelewi, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna kosa kwenye picha. Nilitaka kumjibu mimi, kama nilivyotaka siku ile na sinia mkononi, lakini Mama alikuwa amemkazia Baba macho, anamsubiri.

Baba akamgeukia binti. "Huyu siye," alisema. "Mke wangu ni huyu hapa. Kachape upya, na uso wake."

Mama akaokota ndoo ya maziwa. "Aliyetakiwa kuyasikia hayo ni yule wa Dar," alisema, akaingia bandani.