Kandambili ya Mguu wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Musoma, Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alinikabidhi funguo za wodi ya wagonjwa wa akili. "Binti," akasema, "hapa huanzi na sindano. Unaanza na masikio." Nikaitikia kwa haraka, nikijiona nimeelewa. Kumbe wapi!

Baadaye nilihamishiwa kituo kimoja upande wa Bunda. Ilikuwa miaka ile ya hali ngumu, sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali. Wagonjwa wa sonona walikuwa wengi. Sonona si huzuni ya kawaida. Inakaa wiki na wiki, inamnyima mtu usingizi, chakula, hata nguvu ya kujibu salamu. Mimi nilikuwaga na maelezo yaleyale kwa wote: maisha yamewabana.

Ndipo Nyangeta akamleta mumewe Magesa, mkulima wa pamba. Zamani alichekesha kijiji kizima. Sasa anashinda ameegemea ukuta, shamba limemezwa na magugu. Nikaandika sonona, nikampa vidonge.

"Sista, na kiatu," Nyangeta akasema. "Cha kushoto kinamvukaga njiani, yeye anaendelea kutembea tu. Hajui."

Nikaitazama ile kandambili. Kamba yake ilikuwa imeungwa kwa waya. Nikacheka. "Mama, nani ana kiatu kizima siku hizi?"

Mwezi uliofuata akarudia yaleyale. "Nimeshasikia!" nikamkaripia, maana foleni ilikuwa ndefu. Nikaongeza vidonge.

Mwezi wa tatu, Mganga Mfawidhi, daktari aliyesimamia kituo, alimwona Magesa akiingia na kiatu kimoja. Akamwambia akivue nacho, atembee. Mguu wa kushoto ukaburuzika. Akamuuliza kuhusu kichwa. Kumbe kilimuuma kila alfajiri, na alikuwa anatapika.

"Sista, sonona anayo kweli," akaniambia taratibu, "lakini huenda kuna uvimbe kwenye ubongo unaoileta. Mguu uliupima?"

Sikuupima. Mungu anisamehe.

Mwanza alikopelekwa, madaktari walisema uvimbe upo, na umeshakuwa mkubwa. Tulimzika kabla ya mavuno.

Vijana mnaoanza kazi hii, msiwatishe watu: wenye sonona wengi hawana uvimbe wowote. Ila mimi tangu hapo kila mgonjwa wangu alivua viatu akatembea. Hata biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa gulioni na watu wakavaa viatu vizima, bado niliwaambia wavivue. Walinisema sana. Sasa nimestaafu, nalima mihogo yangu hapa Butiama, na bado natazama miguu ya watu wakiingia kanisani.

Baada ya matanga Nyangeta alinirudishia vidonge vilivyobaki, kavifunga kwenye kipande cha khanga. "Wape wengine, Sista, dawa ni shida." Hakuwa na hasira. Kisha akaniuliza, "Ningesema mara ya tatu, ungesikia?"

Nilimpa pole. Nikakifungua kile kipande cha khanga, nikamrudishia.