Kokoto za Phonsie

Nyuma ya zizi la Phonsie McElmeel kuna rundo la kokoto, na ole wake atakayeligusa. Alianza kuzikusanya wiki ileile Uingereza ilipopiga kura kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mimi jirani yake nilimcheka sana. Siku hizi sicheki.

Nyumba yake iko Fermanagh, upande wa Uingereza. Dada yake Dympna, asiyeona, anakaa mbele kidogo tu kwenye barabara hiyohiyo, lakini huko ni ng'ambo ya mpaka, Monaghan, Ireland, nchi inayobaki kwenye Umoja. Kila asubuhi Phonsie humpelekea maziwa na mkate. Zamani za vurugu askari wa Uingereza waliilipua barabara hiyo mpakani watu wasipite. Sisi tukitoka misa Jumapili tunalijaza shimo kwa makoleo, wao wanalipua tena. Shimo likiwa wazi, mama yao akazidiwa na ugonjwa akiwa kwa Dympna. Phonsie alizunguka maili ishirini, akakuta wameshamfumba macho.

Sasa wakubwa wako Brussels wanavutana mpaka huu uweje. Redio ya Phonsie haizimwi.

"Wamesemaje?" namuuliza.

"Wamesema watasema kesho."

Jirani yangu hata kula hali!

Jumanne asubuhi akakuta duara la rangi nyeupe katikati ya barabara. Akajua ndiyo alama ya kuilipua njia tena. Akaleta trekta, akaiegesha juu ya duara, akakaa hapohapo.

"We Phonsie!" Dympna akapaza sauti mlangoni kwake. "Chai inapoa! Umekufa?"

"Bado! Nalinda njia!"

"Unailinda dhidi ya nani? Mimi sioni mtu!"

Adhuhuri likaja lori la halmashauri. Msimamizi akashuka na koleo lake.

"Mzee, sogeza trekta tuzibe shimo."

"Shimo gani?"

"Hilo tulilolizungushia rangi, ulilolikalia. Si nyie wenyewe mnalalamika miaka miwili magurudumu yanapasuka?"

Jamani, nilicheka nikashika mbavu. Phonsie akasogeza trekta, uso umemwiva, akasimama kando akiwatazama. Walipokaribia kumaliza, kokoto zikawaishia. Msimamizi akaliona rundo nyuma ya zizi.

"Mzee wangu, tugawie ndoo mbili tu za zile."

Phonsie akatikisa kichwa.

"Zile si za shimo hili."

Msimamizi akanitazama mimi. Kicheko kilikuwa kimeshanikauka. Phonsie akachukua maziwa na mkate, akavuka kwa dada yake.