Kupima kwa Kiganja

Kwetu kitu hununuliwa kwa kiganja kwanza, macho baadaye. Jembe, sufuria, betri za redio, hata kipande cha sabuni: unakiweka mkononi, unakipandisha na kukishusha kidogo, kisha unasema kama ni cha kweli au ni cha bure. Kilicho chepesi ni cha bure. Mume wangu alinunua hivyo, na mama yake kabla yake. Nilipoingia katika duka la Butembo kuchagua vipande vya kompyuta ya michezo, hiyo ndiyo elimu niliyokwenda nayo. Sikuwa na nyingine.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili, waasi wakitawala mji wetu wa Beni na wanajeshi wa nchi jirani wakilala kwenye uwanja wa ndege. Mume wangu alikuwa mnunuzi wa utomvu wa papai. Alizunguka mashamba hadi upande wa Kasugho, akanunua utomvu uliokwisha kukaushwa, akauleta mtaani kwetu Bungulu na kuwauzia matajiri wenye kuusafirisha. Safari ya mwisho aliletwa juu ya lori la mbao, amefunikwa turubai. Nani alimpiga risasi? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mimi sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Watu walichanga kwenye matanga. Siku ya kunyoa nywele na kumaliza kilio, kaka mkubwa wa marehemu alinikabidhi michango mbele ya wote.

"Hii ni ya simenti," alisema. "Mutu mwenye alijenga nyumba, kaburi yake hapana kubakia udongo. Umesikia, bibi ya ndugu yangu?"

"Nimesikia, baba mukubwa."

Nilisikia kweli, na nilikusudia kufanya hivyo.

Lakini mtoto alinitia hofu. Dada zake walikuwa wameolewa, nyumbani tulibaki yeye na mimi. Alikuwa kijana ambaye sauti yake ilikuwa bado inavunjika. Tangu mazishi hakurudi shuleni, hakupiga mpira, alikula akiwa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Rafiki yake wa darasa alikuwa ameingia msituni kwa vijana wenye bunduki. Siku za soko rafiki huyo alishuka mjini, kamba nyeusi ya dawa ya kuzuia risasi imefungwa mkononi, na wote wawili walikaa nyuma ya jiko langu. Ukuta wa jiko ulikuwa wa miti na matope, uliopasuka. Sikuhitaji kutega sikio.

"Unangojea nini?" rafiki alisema. "Baba yako iko naoza, weye uko nakula ndizi ya mama."

"Bado."

"Bado! Bado ni neno ya banamuke. Tukisha kuvuna maharagi, ninakuja kukutwaa. Na hapana kuja na ile masandali yako ya kanisa, batakucheka."

Maharagi yalikuwa tayari yanatoa maua.

Sikumfokea mwanangu. Nilijua kwamba mama akifoka, mtoto anapata sababu. Siku mbili nilitafuta namna ya kuanza, kisha nikamwuliza tu, tukiwa tunamenya mihogo: "Kitu gani inaweza kufanya ubakie mu hii nyumba?"

Aliumenya muhogo wake hadi mwisho. Kisha akasema, "Mashine, mama."

Zamani, karibu na soko, palikuwa na chumba ambamo vijana walicheza mpira ndani ya kompyuta. Askari waliibeba mashine yenyewe na chumba kikafungwa. Mwanangu alikuwa akimsaidia mwenye chumba kuifungua na kuifuta vumbi, na hivyo akajua kilichomo. Alitaka tununue vipande kimoja kimoja, aviunge mwenyewe. Jenereta ndogo ya baba yake, groupe kama tunavyoiita, ilikuwepo. Vijana wa mtaa wangekuja kucheza na kuleta chochote cha kununulia mafuta.

"Na simenti ya baba?" nilimwuliza.

"Baba hana haraka," alijibu, na mara akaona aibu, akainamia muhogo wake.

Wengine watasema nilimnunua mtoto wangu kwa kitu cha kuchezea. Ni kweli. Ningemnunua kwa kitu kidogo zaidi kuliko hicho kama angekitaja.

Tulipanda lori la asubuhi kwenda Butembo. Mwenye duka alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na kurudi na mizigo. Alituonyesha kadi za picha tatu juu ya meza, kama mtu anayeuza samaki.

"Mama, hii ni ya bureau, inajua kuandika barua tu. Hii ni ya batoto ba ministre. Hii ya katikati njo yenu."

"Kadi ya picha inafanya nini?" niliuliza.

Mwanangu alijibu kabla ya tajiri mwenye duka. "Njo inachora kila kitu, mama. Majani ya uwanja, mashati, hata jasho. Bila kadi ya kutosha, mupira unaruka kama chura." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizosikia kwake tangu mazishi. Niliiangalia ile kadi kwa heshima.

Basi wakaanza kubishana, yeye na tajiri, na mimi nikakaa juu ya kreti ya bia na kusikiliza. Ukiongeza kumbukumbu, unapunguza kadi. Ukichukua ekra kubwa, yaani kioo cha kutazamia, unabaki bila diski. Ilinikumbusha kugawa nyama ya sikukuu kwa wageni wengi: hakuna anayeshiba, lakini hakuna anayepaswa kuondoka na mfupa mtupu. Sanduku tulichagua la mtumba, lililobonyea upande. Ekra ndogo. Kumbukumbu ya kadiri. Mwanangu alishikilia kadi ya katikati na hakuiachia.

Kilibaki kipande kimoja, bloki ya umeme, ile inayopokea moto wa jenereta na kuugawia vipande vingine. Zilikuwa mbili. Moja ghali na nyepesi. Nyingine rahisi na nzito. Karatasi zilizobandikwa juu yake zilionyesha nguvu sawasawa. Tungechukua ile ghali, kadi ya katikati ingetushinda.

Mwanangu alinigeukia. "Mama?"

Niliweka moja kila kiganja. Nikapandisha, nikashusha. Ile rahisi ilivuta mkono wangu chini kama chuma cha kweli.

"Hii," nilisema. "Ingine ni bati tupu."

"Mama anajua," alisema tajiri, na mwanangu akatabasamu kwa sababu kadi ilikuwa yake.

Kwa siku nzima aliviunganisha vile vipande chumbani. Majirani walisimama dirishani. Jenereta ililia, ekra ikawaka, uwanja wa kijani ukatokea, na watoto wakapiga kelele kama siku ya harusi. Wachezaji wakatoka mlangoni mwa uwanja wakikimbia. Mashine ikazimika.

Aliiwasha tena. Kila mara ilikubali kuwaka, ilikubali kuonyesha majina ya timu, na kila mara wachezaji walipoanza kukimbia, ikafa. Tuliilaumu jenereta. Akaifungua, akasafisha plagi yake, akabadilisha mafuta. Ikafa vilevile.

"Bachezaji yako beko nakataa kutoka," mtoto wa jirani alisema dirishani. "Labda bameona baasi." Wenzake walicheka. Mwanangu hakucheka. Alifunika ekra kwa kitambaa na watoto wakatawanyika mmoja mmoja.

Baba mukubwa alisikia, akaja. Alisimama mbele ya kile kitambaa akiwa na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutazama maiti.

"Pesa ya matanga njo hii?"

"Njo hii, baba mukubwa."

"Donc ndugu yangu analala mu udongo sababu ya sanduku yenye haiwake."

Mwanangu alisikia yote. Wiki ile tulivuna maharagi. Alinisaidia kuyapiga na kuyapepeta, na nilipoona ameosha viatu vya baba yake vya kwendea shamba na kuviweka juani, nilielewa. Alikuwa ameacha masandali.

Siku moja kabla ya soko nilitoka kanisani nikakuta chumba chake kimefungwa. Niliita. Nikasikia kitu kinakwaruza, kisha sauti ambayo sikuitambua mara moja. Ilikuwa kicheko. Niliusukuma mlango.

Alikuwa ameketi chini, bloki ya umeme imefunguliwa kati ya magoti yake. Waya zilikuwa chache na nyembamba kama nyuzi za kushonea. Na pembeni, limegandishwa kwa gundi, palikuwa na bonge la kijivu. Alilibandua kwa bisibisi, akalipima kwa kiganja, akilipandisha na kulishusha, akiniiga mimi.

"Hii, mama. Ingine ni bati tupu."

Nililishika. Ilikuwa simenti. Mtu fulani, sijui katika nchi gani, alikuwa amemimina simenti ndani ya bloki ili iwe nzito mkononi mwa mtu kama mimi. Mume wangu aliwakamata wakulima waliotia mawe ndani ya magunia ya kahawa, zamani alipokuwa bado akinunua kahawa, kabla haijakauka shambani kwa ugonjwa. Alimwaga kila gunia kabla ya kulipa. Lakini kitu cha dukani hakukimwaga, na mimi pia sikukimwaga.

"Baba mukubwa alililia simenti," mwanangu alisema. "Muambie imefika."

Nilijaribu kumkemea, maana mzaha huo uligusa kaburi la baba yake, lakini kicheko kilinipata nikalazimika kukaa kitandani. Tulicheka hadi tukalia, na kulia kwenyewe hakukuwa kama kule kwa matanga.

Asubuhi ilikuwa siku ya soko. Sikungoja. Tuliondoka Beni kabla rafiki yake hajashuka, bloki ndani ya kikapu, bonge juu yake. Njiani alikaa akitazama msitu na sikumwuliza anawaza nini.

Tajiri wa Butembo alilitazama lile bonge kwa muda mrefu. "Mama, na miye bananiuzia vile," alisema. "Nilizipima na mukono, sawa weye." Akaita vijana wake wafungue nyingine za shehena ile. Zote zilikuwa na simenti. Alikubali kuipokea yetu, lakini bloki nyepesi ilikuwa ghali kama mwanzo, na sisi hatukuwa na kitu cha kuongeza.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amekuja na kadi ya picha ndani ya shati lake, imefungwa kwa kitambaa. Sikujua. Aliitoa, akaiweka juu ya meza.

"Unipe ile ya chini yake," alimwambia tajiri. "Na bloki ya kweli."

"Mupira utaruka kidogo," tajiri alimwonya.

"Uruke. Wasingya," alisema, yaani asante kwa lugha yetu.

Uliruka kweli. Mashati yalikuwa na rangi tu, hayakuwa na mikunjo, wala sikuona jasho. Lakini wachezaji walitoka mlangoni, wakakimbia, wakaendelea kukimbia, na nyumba yangu ikajaa vijana.

Siku ya soko iliyofuata rafiki alikuja, safari hii na bunduki. Alisimama kizingitini. Ndani walikuwa wanapigania goli na hakuna aliyegeuka isipokuwa mimi.

"Hapana ingia na ile kitu mu nyumba yangu," nilimwambia.

Aliiangalia ekra, akaniangalia mimi. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye ukuta wa nje, akaingia. "Zamu ya nani?" aliuliza. Mwanangu alisogea, akampisha kwenye benchi. Walicheza hadi jua lilipoanza kushuka, na yule rafiki alifungwa mabao, akalaumu kadi ya picha.

Nilimpa ndizi za kuchoma. Mlangoni alimwuliza mwanangu uamuzi wake: "Donc?"

"Miye nabakia," mwanangu alisema.

Nilingoja yule amtukane. Hakumtukana. Alitwaa bunduki yake na ndizi zake akaenda. Hatukumwona tena, wala kwao hakurudi, na mama yake alikuwa akinisalimia sokoni bila kunitazama.

Kaburi lilikaa udongo mtupu misimu mingi. Nililipalilia, na upande wa kichwa niliweka lile bonge. Mara moja baba mukubwa alilikuta, akauliza ni nini. Nilimweleza yote, hata kicheko. Aliinama, akaliokota, akalipima kwa kiganja.

"Nzito," alisema. Akalirudisha taratibu, upande laini juu.