Suti ya Baba na Barua ya Mtaa

Baba yangu alikwenda kuomba msamaha wa gharama za matibabu akiwa amevaa suti.

Leo nacheka, ila siku ile nililia kwa hasira. Baba ni fundi cherehani. Alikuja Dar kutoka Mtwara akiwa kijana, na miaka yote kawashonea watu nguo hapo kibarazani kwetu Tabata. Kisukari kilimwanza taratibu, sie tukakizoea: leo chai bila sukari, kesho ganzi ya miguu. Kisha kikatoka kidonda kwenye dole gumba la mguu wa kulia, kikagoma kupona. Daktari hakuzunguka: vidole viwili vitolewe haraka, la sivyo mguu mzima utaondoka.

Bima hatuna. Umri wa wazee kutibiwa bure alikuwa hajaufikia. Mie nauza mitumba Buguruni, na mtaji wenyewe ulishaishia kwenye dawa. Ikabaki njia moja: barua ya serikali ya mtaa ya kuthibitisha kwamba hajiwezi, tuipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Mwenyekiti wa mtaa aliandika bila maneno mengi, anamjua baba. Asubuhi ya kwenda hospitali nikamkuta mzee mlangoni katinga suti ya kijivu na tai, suruali imepigwa pasi ikasimama. Mguu mmoja kiatu, mwingine bandeji na kandambili.

"Baba, jamani! Tunakwenda kuomba, hatuendi harusini."

"Ofisini hakuendwi ovyo ovyo. Na fundi akivaa matambara, nani atampa kitambaa?"

Ofisa, mama wa makamo, alimtazama juu mpaka chini. "Shikamoo mzee. Hiyo suti umenunua wapi?"

Baba, masikini, akafurahi. "Marahaba. Nimeshona mwenyewe!" Akaanza kumwonyesha bitana.

Mama wa watu akaikunja barua yetu. "Mzee, waliopo pale nje wengine hawana hata kanga ya pili. Njooni Alhamisi, kwanza nitume mtu aulize mtaani."

Sikumlaumu, foleni niliiona kwa macho yangu. Nilimlaumu baba, njia nzima, nikamsema weee, mpaka nikaona anavyochechemea. Nikampa bega aegemee.

Alhamisi alitoka chumbani bila kuambiwa na mtu, kavaa fulana ya kampeni za uchaguzi, shingo imelegea. Ile fulana mie nilikuwa naidekia. Roho iliniuma, nikajifanya natafuta funguo.

Mtu wa kutumwa mtaani hakupatikana, ofisa akauliza maswali yake mwenyewe. Nyumba? Ya kupanga. Kazi? Cherehani, ila mguu haukanyagi tena.

"Una watoto wanaokusaidia?"

Baba hajuagi kudanganya. Mafundi wote huapa nguo imebaki vifungo tu. Yeye atakwambia kabisa kitambaa chako hata sijakigusa.

"Sina," akasema.

"Na huyu dada?"

"Jirani. Kanisindikiza tu."

Ofisa akanigeukia. Nikauwaza ule mguu. "Ndiyo," nikasema, "ni jirani yangu." Muhuri ukagongwa.

Siku hiyohiyo wakamlaza. Muuguzi akaja wodini na fomu ya kukubali upasuaji, akauliza, "Ndugu wa mgonjwa yupo?" Mkono wangu ulikwenda juu wenyewe. Nikaushusha. Muuguzi alikuwa kainamia faili.

"Aa, hapa wameandika hana mtu. Basi utasaini mwenyewe, mzee. Jirani, tupishe kidogo."

Nikapisha. Nikasimama nje, nimeegemea ukuta wa korido. Macho ya baba nayo siku hizi hayaoni vizuri. Karatasi yoyote mie ndiye humwonyesha kwa kidole ulipo mstari. Nikamsikia muuguzi, kwa upole kabisa, anamwambia:

"Siyo hapo, mzee. Hapo husaini mtoto wa mgonjwa. Wewe saini huku."