Sauti ya Pili Ilibaki Stesheni

Swali lililoninyima usingizi mwaka huu wote ni dogo, karibu la aibu: nikiacha orkestra na kuimba nyimbo nilizotunga mwenyewe, nitasalimika? Nina shahada ya uchumi, na bado nimeligeuzageuza swali hilo kama mtu anayechambua mawe ndani ya maharagwe.

Ninyi mliokulia Kolwezi, katika kambi za wafanyakazi wa migodi, mtanielewa. Enzi zetu mchana ulikuwa na sauti yake. Baruti za machimbo yaitwayo Mashamba zilitikisa madirisha, bukari, ugali wetu, ikaruka kidogo kwenye sahani, na mama hakugeuza hata kichwa. Wavulana walisukuma magari ya waya wa shaba. Sisi wasichana tulicheza kwa kuruka na kurushiana miguu hadi vumbi jekundu likatupanda magotini. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, tulikunywa kikombe kimoja wote, na aliyekunywa kwa pupa alipigwa kiwiko. Leo mtoto anajirekodi kwa simu kabla hajapiga mswaki, na mashine inamnyooshea sauti. Sauti zetu sisi zilinyooshwa na Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi.

Alikuwa karani mgodini na mwalimu wa kwaya yetu ya watoto kanisani. Kinanda hakuwa nacho, kwa hiyo noti ya kwanza aliichukua kwenye sirene ya kubadilisha zamu. Alitupanga uani kabla ya saa nane, akainua kidole, na sirene ilipolia tuliishika sauti ile ile kwa midomo iliyofumbwa mpaka aliposhusha mkono.

"Weye unapanda, unaenda wapi? Mbinguni?" alinikemea. "Rudia, mutoto! Bukari ulikula, imba nayo!"

Nyimbo alizitunga yeye. Mimi niliimba sauti ya kwanza. Binti yake Ngalula, rafiki yangu, aliimba ya pili.

Kisha kampuni ya migodi ikaanza kuugua. Mgao wa unga ulipungua, sirene ikalia leo, kesho kimya, na Tata Mukendi akabaki na kidole juu, akitafuta noti hewani. Haukupita muda, vijana wakapita barabarani wakipiga kelele kwamba wenye asili ya Kasai warudi kwao. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Tata Mukendi alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini baba yake alitoka Kasai, na hiyo ilitosha. Asubuhi moja tulikuta mlango wao umevunjwa na nyumba tupu.

Tuliwakuta stesheni, katika umati uliolala chini ukisubiri mabehewa. Mama alikuwa amewapelekea bukari kwenye sufuria aliyoificha ndani ya kitenge.

"Treni iko wapi, tata?" aliuliza.

"Iko inajifunza kutembea, mama," Tata Mukendi akajibu, na watu wa karibu wakacheka.

Ngalula alikuwa anakohoa chini ya turubai. Alinishika mkono. "Fasi yangu usimupe mutu."

Jumapili tuliimba wimbo wa Tata Mukendi, nusu ya kwaya. Pale sauti ya pili ilipopaswa kuingia, tulinyamaza na kusubiri kama tulivyofundishwa, kisha tukaendelea. Wimbo ulikuwa na matundu, na ndani ya kanisa hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hatukujua kama walifika. Mwalimu mpya alisema wimbo ule ni wa zamani tu, wa kanisa, na mpaka leo unaimbwa bila mwenyewe. Mama, akichambua matembele, alinipa somo lake: "Mutu wa kutunga, banamutafuta wa kwanza. Mwenye kuitikia, hakuna mwenye kumuona."

Haikuwa kweli. Ngalula hakutunga chochote, na alifukuzwa vilevile. Lakini nilikuwa mtoto mwoga, na maisha yangu nikayajenga juu ya neno hilo. Niliitikia kanisani, nikaitikia kwenye harusi za Lubumbashi nilipokuwa mwanafunzi, nikarudi Kolwezi kuitikia katika orkestra ya hoteli, nikirudia nyimbo za Kinshasa na kutaja majina ya wafanyabiashara wa madini ili wafurahi. Zangu niliziimba bafuni, tena maji yakiwa yanamwagika.

Siku hizi muziki uko kila kona ya mji wetu, na hakuna anayeuliza wimbo ni wa nani. Enzi zetu tulimjua mtunzi, tukajua hata nyumba alikoazima chumvi. Ndiyo maana nyimbo za leo zinanipita masikioni bila kuniachia sura ya mtu.

Mwezi uliopita nilimwambia mkuu wa orkestra, "Chef, mi naacha. Nitaimba zangu."

Akaangua kicheko. "Zako? Nani anazijua? Njaa ndiyo itakuitikia, mademoiselle!"

Sikurudi. Jumamosi iliyopita, mchana, niliketi na gitaa la kuazima katika ua wa mgahawa mmoja, mbele ya watu waliokuja kula samaki. Nilitaja jina langu lote, nikasema wimbo huu nimeutunga mimi. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kilipofika hakuna aliyekijua, basi nikakiimba mwenyewe.