Jina Lililotiwa Ki- Mbele

Karani wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili huu ni mwaka wake wa tisa yuko herufi ya M. Huchonga penseli kwa wembe, hupuliza vumbi lake, hukohoa kwenye kitambaa, hulitazama doa jekundu, kisha hukikunja upesi na kukitia mfukoni. Kadi moja ya neno humla wiki nzima. Jumatatu alikuwa kwenye "maverick", kivumishi cha mtu asiyefuata mkumbo, kilichotokana na jina la ukoo la tajiri mmoja asiyewatia ng'ombe wake chapa. "Maskini," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "wanamtaja kila siku na hawamjui." Nikainamia karatasi zangu. Jina la ukoo la karani mwenyewe sisi wa ofisini tulishalitia ki- mbele: foleni isiyosogea, bomba linalotoa maji tone tone, vyote tuliviita hivyo, na aliyeanza ni mimi.

Leo mpiga taipu mgeni kapaza sauti mlangoni: "Jamani, hii printa mbona inakwenda ki-" na jina lake likafuatia, zima zima. Karani hakugeuka. Alichomoa kadi mpya, na kadi hii haikumla hata dakika kumi. Akaja kuiweka mezani kwangu, juu yake kaandika jina lake na ki- mbele. "Bwana mdogo, hebu nipitishie macho. Mnatia kistari au hamtii?" Maana ya neno alikuwa ameipata barabara: -a polepole, -a kutokwisha. Penye asili ya neno aliandika: jina la ukoo la marehemu.