Bibi Robi na Moshi wa Pilipili

"Kikao cha Dharura Kuhusu Mkazi Kutokukohoa." Ndivyo mwenyekiti wa kitongoji alivyofungua shughuli, amevaa koti lake la misibani.

Nilipokuwa mtoto kule Tarime, hakuna aliyebisha kwamba moshi wa pilipili humfichua mchawi: binadamu hukohoa, omorogi hutulia tuli. Ndama walikuwa wanakufa, na majirani walikuwa wameshamchagua Bibi Robi, mama mzazi wa baba, mjane aliyeishi peke yake na kula vitu vya ajabu. Asipokohoa, ahame.

Vitu vya ajabu vyenyewe ni pilipili. Alipika miaka mingi kwa Mhindi mwenye duka pale Sirari, akarudi hawezi kumeza tonge la ugali bila kuitafuna mbichi.

Walimkalisha jikoni kwake, wakamwaga pilipili kavu kwenye makaa. Mwenyekiti alikohoa mpaka kofia ikadondoka. Katibu aliandika "hakohoi" huku akiipigia chafya karatasi. Bibi alikaa tu, mikono mapajani.

"Macho makavu kama mjusi!" jirani yake, Mama Gati, akapiga kelele mlangoni.

Nikapenya pembeni yake, nikamfikia Bibi, kamasi zinanichuruzika. "Bibi, kohoa basi. Hata ya uongo."

"Kwani mimi naumwa kifua?" Akamgeukia mwenyekiti. "Wewe baba unayekohoa hivyo, nenda zahanati."

Siku hizi nimesoma. Ukali wa pilipili hauunguzi kitu; huidanganya mishipa ya fahamu kwamba kuna moto, na mishipa inayodanganywa kila siku huchoka kuitika. Nimesoma pia kwamba pilipili ilitoka Amerika, ikaletwa pwani yetu na mabaharia wa Kireno. Kwa hiyo ile "mila ya mababu" aliyoiapia mwenyekiti ilishuka melini.

Sijawasamehe. Ujinga naweza kuuelewa. Ninachokichukia mpaka leo ni ile furaha yao, machozi yakiwatiririka mashavuni.

Kikohozi kimoja cha uongo kingemwachia Bibi nyumba yake. Zamani nilidhani ni kiburi. Sasa naona alikataa tu kukiri kwamba kikao kile kilikuwa na mamlaka juu ya mapafu yake.

Bibi alihamia Morotonga, kwa shangazi. Ndama wakaendelea kufa.